Dawa za Nguvu za Kiume Zipimwe kwa Wanaume

Hakuna dawa ya asili inayonadiwa kwa sauti kubwa mijini mwetu kuliko dawa ya nguvu za kiume. Ipo kwenye meza za Kariakoo, ipo stendi, ipo kwenye vipaza sauti vya minadani, na siku hizi inamfuata mwanaume mpaka kwenye simu yake hata kama hajaulizia kitu. Vumbi la Kongo, mkuyati, mizizi iliyofungwa mafungu, magome yaliyolowekwa chupani. Muuzaji anaahidi kurudisha heshima ya nyumba. Mnunuzi analipa upesi, anatia pakiti mfukoni na kuondoka bila swali, maana kuuliza ni sawa na kukiri mbele za watu kwamba tatizo ni lake.

Gazeti hili halina ugomvi na mizizi. Watu wa nchi hizi walijitibu kwa mimea karne nyingi kabla ya kujengwa hospitali ya kwanza, na wengi wanaendelea hivyo mpaka leo, tena wengine kwa mafanikio. Tunachokipinga ni kuendelea kutojua ilhali vyombo vya kutuwezesha kujua tunavyo. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la kuisimamia. Muhimbili ilianza kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na leo kitengo hicho ni taasisi kamili ndani ya chuo kikuu. Tuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Tuna maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya wana taasisi yao ya utafiti wa tiba, KEMRI, na Uganda wana maabara ya serikali ya dawa za asili tangu miaka ya 1960. Pamoja na hayo yote, ukiuliza ushahidi wa dawa hizi, karibu kila mara unaletewa utafiti wa panya.

Panya ana kazi yake katika sayansi. Lakini tazameni yaliyotokea kwa mukombero, kisha mtuambie kama panya anatosha.

Mukombero ni mmea unaotambaa, na wataalamu wanauita Mondia whitei. Mzizi wake unanukia kama vanila. Waluhya wa magharibi mwa Kenya wanautafuna tangu enzi za mababu, Waganda wanauita mulondo, Wamalawi gondolosi, na mijini Kenya wachuuzi wanauuza vipande vipande pamoja na karanga. Mwaka 2001 watafiti wa Kamerun walichapisha matokeo ya jaribio ambalo panya dume walinyweshwa dawa ya mzizi huo kila siku, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa siku 55. Siku hizo zilipotimia, utengenezaji wa mbegu za kiume ulikuwa umevurugika na uwezo wao wa kutungisha mimba umeshuka. Dawa iliposimamishwa, hali ikarejea. Mwaka 2004 kundi hilohilo likatoa jaribio jingine, kwa kipimo kilekile lakini kwa siku nane tu. Safari hii korodani ziliongezeka uzito, homoni ya testosteroni ikapanda na mbegu zikawa nyingi zaidi.

Muuzaji atakusomea jaribio la 2004. La 2001 hatakusomea. Na yule kijana anayetafuna mukombero miezi nenda rudi akitumaini kupata mtoto ndiye hasa anayepaswa kuyasikia yote mawili.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walikwenda hatua moja mbele: walichukua mbegu za wanaume wenyewe na kuziweka pamoja na dawa ya mzizi huo maabara. Mbegu zikaongeza mwendo. Ni habari njema, lakini ni habari ya mbegu zilizo ndani ya chombo cha kioo. Mzizi ukishatafunwa unapita tumboni, unapita kwenye ini, unachujwa na figo, na kinachofika kwenye korodani kinaweza kuwa kidogo sana au kisiwepo kabisa. Jaribio hilo halikugusa kabisa jambo ambalo wanunuzi wengi wanalitaka, yaani uume kusimama.

Hapo ndipo fujo ya biashara hii inapojificha. Pakiti moja inauzwa kwa matatizo manne. Kuna mwanaume aliyepoteza hamu. Kuna mwenye hamu ila uume hausimami au hausimami vya kutosha. Kuna anayemaliza mapema. Na kuna ambaye yote hayo yako sawa, ila mbegu zake ni chache au dhaifu na mke hapati mimba. Sababu zao ni tofauti, vipimo vyao ni tofauti, na hakuna daktari makini anayeweza kuwapa wote wanne kidonge kimoja. Dawa inayodai kutibu yote haiwezi hata kupimwa, kwa kuwa haijasema inatibu nini. Kwa hiyo sharti la kwanza la usajili, kwa maoni yetu, liwe hili: taja tatizo moja, nasi tutaangalia kama unalitibu.

Na tutaangaliaje? Wauzaji wana jibu lao, nalo ni ushuhuda. Fulani alikunywa akapona, mzee wa miaka 70 amepata mtoto. Wengi wao hawasemi uongo, na wateja waliorudi kushukuru ni watu wa kweli. Tatizo ni kwamba ushuhuda wa namna hii unapatikana hata pale ambapo hakuna dawa yoyote.

Mfano mzuri kuliko yote unatoka kwa Viagra yenyewe. Kampuni ya Pfizer ilikuwa inatafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayoletwa na moyo. Katika majaribio ya awali nchini Uingereza wanaume waliojitolea wakaeleza badiliko ambalo halikutarajiwa. Kampuni haikuuchukua ushuhuda ule na kukimbilia nao sokoni. Ilifanya majaribio mapya kwa wanaume wenye tatizo, baadhi wakipewa dawa na baadhi wakipewa kidonge cha sura ileile kisicho na dawa ndani, na mwanaume hakujua amepewa kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998, mwaka uleule Marekani ilipoiruhusu dawa hiyo. Katika jaribio moja la wanaume 329, kila walipojaribu tendo la ndoa mara 100, waliopewa dawa walifanikiwa mara 69. Waliopewa kidonge kitupu walifanikiwa mara 22.

Mara 22, kwa kidonge kitupu. Hao ni wanaume waliokwenda kwa madaktari kwa sababu ya tatizo hilohilo. Matumaini, kusikilizwa na mtu, kupungua kwa hofu, wiki nzuri ndani ya nyumba, vyote hivyo vinafanya kazi. Sasa chukua unga wowote usio na madhara, utie kwenye pakiti, uwauzie wanaume 1,000. Utapata mashahidi wa kutosha kujaza ukuta mzima wa duka lako, kila mmoja akisema kweli tupu. Ndiyo maana ushuhuda, hata ukirundikwa vipi, hauwezi kutuambia kama mzizi una dawa. Kinachoweza kutuambia ni kulinganisha: nusu ya wanaume wapewe mzizi, nusu wapewe unga mtupu wa rangi na ladha ileile, na si anayegawa wala anayekunywa ajue kipi ni kipi mpaka mwisho.

Hesabu za majaribio hayo si ngumu. Lipo dodoso fupi la maswali matano linalotumiwa na madaktari duniani kote kupima uwezo wa uume kusimama. Alama zake zinaishia 25, na mwenye 21 kushuka chini anahesabiwa kuwa na tatizo. Mwanaume analijibu kabla ya dawa, analijibu tena baada ya wiki kadhaa. Pembeni anapimwa ini, figo, sukari na shinikizo la damu. Mhitimu wa udaktari yeyote anaweza kuisimamia kazi hiyo akiwa na mwalimu mzuri, kibali cha kamati ya maadili na dawa iliyotengenezwa kwa kipimo kisichobadilika.

Kuna mmea wa Afrika uliokwisha kupita njia hii, tena ukafaulu kwa kiasi fulani. Ni yohimbe, mti wa misitu ya Kamerun na Gabon, ambao gome lake lina kemikali iitwayo yohimbini. Mwaka 1998 wataalamu walijumlisha majaribio saba yaliyofanywa kwa wanaume na kukuta kemikali hiyo inashinda kidonge kitupu. Majaribio hayohayo na uzoefu wa hospitali vilionyesha pia upande wa pili: inapandisha shinikizo la damu, inaongeza mapigo ya moyo, inaleta wahaka na kukosa usingizi. Mmea wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru pia. Watafiti wa Marekani walipopima bidhaa 49 za yohimbe mwaka 2015, baadhi hazikuwa na hata chembe ya kemikali hiyo, na nyingine zilikuwa na miligramu 12 kwa dozi moja. Mwenye shinikizo la damu akibahatika kupata pakiti tupu anapoteza fedha. Akiangukia kwenye ile nzito anaweza kupoteza zaidi ya fedha.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote.

Baadhi ya dawa hizi zinafanya kazi vizuri mno. Mteja anakunywa kijiko cha unga wa mizizi, na ndani ya saa moja anaona mabadiliko. Mizizi kwa kawaida haina haraka namna hiyo. Ambacho kina haraka namna hiyo ni sildenafili, kemikali iliyo ndani ya Viagra, ambayo leo inatengenezwa kwa bei ndogo na kupatikana kwa kilo. Muuzaji asiye na dhamira anaichanganya kwenye unga wa mizizi na kuuza vyote kwa jina la babu. Haya si maneno ya vijiweni. Baraza letu la Tiba Asili limewahi kufuta usajili wa dawa za nguvu za kiume baada ya kubainika kwamba zimechanganywa na dawa za hospitali. Tatizo ni la dunia nzima: kati ya 2007 na 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibaini bidhaa 776 za virutubisho zilizotiwa dawa kwa siri, na 353 kati yake zilikuwa za nguvu za kiume.

Mtu anaweza kusema, basi kuna ubaya gani, si zinafanya kazi? Ubaya ni kwamba mwanaume mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti kutuliza maumivu ya kifua hapaswi kabisa kugusa sildenafili. Zikikutana mwilini, shinikizo la damu linaporomoka na mtu anaweza kufa usiku huohuo. Daktari anajua, mfamasia anajua, na kwenye kisanduku cha dawa halali imeandikwa. Kwenye pakiti ya unga wa mizizi haikuandikwa popote. Mwanaume huyo alikwepa vidonge makusudi kwa kuogopa moyo wake, akachagua mizizi kwa sababu aliamini ni salama. Aliyemuuzia amemdanganya juu ya jambo ambalo uhai wake ulilitegemea.

Singapore waliyaona makubwa zaidi. Katika miezi mitano ya mwanzo ya 2008 hospitali zao zilipokea watu 150 wasio na kisukari ambao sukari yao ilikuwa imeshuka vibaya mno. Saba walibaki katika hali ya kupoteza fahamu, wanne wakafa. Uchunguzi ulifika kwenye dawa haramu za nguvu za kiume, baadhi zikiwa vidonge vya kughushi na nyingine zikiuzwa kama dawa za mitishamba, zilizokuwa zimeingiwa na glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Katika watu wale 150, waliokubali kwamba walitumia dawa ya nguvu za kiume walikuwa 45 tu. Wengine walinyamaza wakiwa kitandani, madaktari wakihangaika kutafuta chanzo. Wanaume wetu nao wananyamaza hivyohivyo, na aibu hiyo ndiyo inayomlinda muuzaji mbaya kuliko hongo yoyote.

Ukaguzi wa mchanganyiko huu hauhitaji kusubiri utafiti wa miaka. Maabara zetu zina mashine za kuitambua sildenafili ndani ya unga wa mizizi. Tunaitaka serikali ifanye jambo moja rahisi: wakaguzi wanunue pakiti sokoni kama wateja, bila kujitambulisha, wazipime, na kila mwezi majina ya zilizokutwa na dawa za hospitali yatangazwe redioni na kwenye magazeti. Sampuli anayoipeleka mtengenezaji mwenyewe siku ya kusajili haitoshi. Siku ya usajili kila mtu ni mwaminifu.

Tuna hoja nyingine, na kwa hii tunazungumza na wanaume wenyewe. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mafuta yanapoanza kuganda mwilini, au kisukari kinapoanza kuharibu mishipa, mara nyingi dalili inaanzia chumbani miaka kadhaa kabla ya kufika kifuani. Katika utafiti uliofanywa kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa wanaume 312, zaidi ya nusu yao, asilimia 55.1, walikutwa na tatizo la uume kusimama kwa kiwango kimoja au kingine. Wao angalau walikuwa wamekwisha kujijua kuwa na kisukari. Mwanaume wa miaka 45 anayekwenda moja kwa moja kwenye meza ya mizizi huenda ana kisukari hichohicho, hajapimwa, na unga wenye sildenafili ya siri unamwondolea dalili pekee ambayo ingemfikisha hospitali. Anarudi nyumbani na furaha. Sukari inaendelea kula figo na macho yake.

Kwa sababu hiyo tungependa kila tabibu wa tiba asili aliyesajiliwa na anayetibu tatizo hili awe na kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu, na ajue kuvitumia kabla hajagusa mzizi. Tunajua matabibu wanaofanya hivyo tayari. Hao waheshimiwe, na utaratibu wao uwe sharti kwa wote.

Wapo watakaotuambia kwamba mimea hii imetumika karne nyingi, hivyo karne hizo ndizo kipimo chake. Hoja hii tunaichukulia kwa uzito. Matumizi ya miaka mingi yanatuambia kwamba mzizi hauui papo hapo, na yanamwonyesha mtafiti pa kuanzia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walipokusanya ujuzi wa watu wa magharibi mwa Uganda mwaka 2005 waliorodhesha aina 33 za mimea inayotumika kwa tatizo hili, ukiwemo mti mdogo wa msituni unaoitwa omuboro. Orodha ya namna hiyo isingetoka maabara. Wazee ndio waliokuwa nayo. Lakini wazee hawakuwa na njia ya kuona ini linaloharibika taratibu kwa miaka kumi. Tena babu alitafuna kipande cha mzizi mbichi, mara moja moja. Mjukuu wake anakunywa unga uliokolezwa, ndani ya pombe, kila Ijumaa, juu ya vidonge vya shinikizo la damu. Uzoefu wa babu hauzungumzii kinywaji hicho hata kidogo.

Wengine watasema nchi ina malaria, ina vifo vya akina mama, ina watoto wanaokosa chanjo, kwa nini shilingi ya umma iende kwenye chumba cha kulala cha wanaume? Jibu letu ni kwamba fedha zinatumika tayari, kila siku, kutoka mifuko ya watu wa kawaida, kwa bidhaa ambazo hakuna anayezijua. Ada za usajili wa dawa hizi na tozo ndogo kwa watengenezaji wakubwa zinaweza kuanzisha mfuko wa kuzipima. Na ndoa inayovunjika kwa sababu ya tatizo hili ni msiba kwa watoto pia, hata kama haiandikwi kwenye takwimu za hospitali.

Tunaijua pia hofu ya matabibu, na ina msingi. Wanaogopa kwamba wakionyesha mzizi, mzizi utaondoka pamoja na utajiri wake. Historia ya muiri, kama Wakikuyu wanavyouita mti wa Prunus africana, inawapa haki ya kuogopa. Gome la mti huu wa milima yetu lilitumika Afrika kwa matatizo ya mkojo ya wazee wa kiume. Mfaransa Jacques Debat alilipatia hataza mwaka 1966, dawa ikatengenezwa Ulaya kwa ajili ya tezi dume iliyovimba bila saratani, na ikapimwa kwa wanaume kama inavyotakiwa. Mwaka 2002 mapitio ya majaribio 18 yenye wanaume 1,562 yalikuta kwamba waliotumia gome walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu, na safari za chooni usiku zilipungua kwa asilimia 19, ingawa majaribio mengi yalikuwa mafupi. Kwa hiyo sayansi ilithibitisha kwamba wazee walikuwa na jambo. Lakini viwanda, hataza na faida nono vilikuwa mbali na msitu, na huku kwetu ikabaki miti iliyochunwa gome pande zote mpaka ikakauka, hadi mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES.

Matabibu wasiombwe kutuamini tu. Mkataba uandikwe kabla ya mzizi kuingia maabara, ukitaja nani aliuonyesha, kijiji gani kimeutunza na watapata nini ukifanikiwa. Afrika Kusini walichelewa katika hili. Baraza lao la utafiti lilipata hataza ya hoodia, mmea ambao Wasani waliutumia kuzuia njaa wakiwa mawindoni, na Wasani wenyewe wakaja kuingizwa kwenye mkataba wa mgawo miaka kadhaa baadaye, mwaka 2003, baada ya kelele nyingi. Sisi tuanze na mkataba. Na miche ianze kupandwa mwaka uleule jaribio linapoanza, kwa sababu mmea ambao unang'olewa mzizi mzima hauwezi kustahimili habari njema. Siku redio itakapotangaza kwamba omuboro umefaulu, msitu usiolindwa utamalizwa kwa msimu mmoja.

Tunapendekeza kazi ianze na mimea michache tu. Mukombero uwe wa kwanza, kwa kuwa umekwisha kuchunguzwa maabara kiasi cha kutosha kujua maswali ya kuuliza, na kwa kuwa majibu ya panya yanapingana. Muhimbili, KEMRI na Makerere waifanye kazi hiyo kwa pamoja, kwa dawa ya aina moja na dodoso moja, ili majibu ya nchi moja yaweze kujumlishwa na ya jirani. Waziri wa Afya atenge fungu lake kwenye bajeti ijayo kwa jina, lisifichwe ndani ya mafungu mengine. Mimea itakayofaulu iingie hospitalini kwa kipimo kinachojulikana, na aliyeionyesha alipwe. Itakayoshindwa itangazwe kwa majina hadharani, kwa vipaza sauti vilevile vilivyoinadi, na muuzaji atakayeendelea kuahidi baada ya hapo ashtakiwe.